Fungu la Watoto

Nyange alimlamba mumewe, Songoro, tope lililomganda sikioni, akaenda mawindoni, na huko nyati akamuua. Songoro akabaki mgane mwenye watoto watatu wachanga.

Kwa mbwa mwitu, watoto wa kundi zima hula kwanza. Lakini walipoanua matanga tu, mkuu wao, Mzee Kidevu, alilifuta fungu hilo.

“Nyama haitoshi,” alisema. “Watoto watakula tukishapata wawindaji wengi.”

“Na hao wawindaji, mzee, tutawaokota wapi?” Songoro aliuliza.

“Usinisomeshe! Kuanzia leo, asiyewinda asile.”

“Sawa. Wewe mara ya mwisho uliwinda lini?”

Mkuu aliutazama mguu wake uliovunjika masika mawili yaliyopita. Wenzake waliinamisha nyuso wakizuia kicheko.

“Basi, watoto kwanza,” alinung’unika. “Na wazee.”

“Wazee hakuna aliyewanyima,” Songoro alimjibu kwa upole.

Asubuhi iliyofuata aliangusha swala, akawalisha watoto wote wa kundi, wake wakiwa wa mwisho. Waliposhiba, aliwapanga mstari akaanza kuwafundisha kunusa nyayo.