Injini ya Lori la Righa

Mwakio aliiokoa injini hiyo kutoka kwenye lori lililoishiwa nguvu mlimani, likarudi nyuma na kumuua mdogo wake, Righa. Akaisuka upya, akaifunga turbo ili isishindwe tena na mlima wowote.

"Fundi, lori lenyewe limeshakuwa chuma chakavu," jirani yake, Mama Wakesho, alimwambia. "Utaifunga wapi?"

"Kwanza iwake, mama."

Zamani yeye na Righa waliwasha injini pamoja. Righa alishika swichi ya kuwashia akiuliza, "Nipige?" Naye Mwakio, sikio kwenye injini, alijibu, "Piga!"

Leo Mwakio alishika swichi, akapiga stati mwenyewe. Injini ikanguruma mpaka mabati ya karakana yakatetemeka. Akaizima, akainama, akatega sikio kwenye chuma chenye joto.

"Piga!" akasema.

Swichi ikabaki inaning'inia kwenye waya wake.