Sifuri ya Mwanasaumu

Mwalimu Kefa alirudi Likoni kwa sababu ya ile sifuri. Lau ingalikuwa tano au sita, angalinyamaza, akaandika kuwa mtoto amefeli, basi.

Alibisha hodi alasiri, Mwanasaumu akiwa kisimani. Mwanatabu, mamake, alimkaribisha barazani, akajitanda kanga vyema, akakaa mbali naye kidogo.

"Mama Saumu," mwalimu alisema, "mtihani wa mwaka huu si wa kuandika. Kila swali lina majibu manne, mtoto anatia alama kwa moja. Hata mbuzi tukimfunga kalamu kwenye kwato, robo atapata."

Mwanatabu alimwambia kuwa mwanawe si mbuzi.

"Ndiyo maana nimekuja. Ili ukose maswali yote, sharti uyajue majibu yote, kisha uyakwepe. Bintiyo amefanya makusudi."

Karatasi zenyewe hakuwa ameziona. Zilisahihishwa Nairobi na hazikurudi, zilirudi alama tu. Lakini nafasi ya skuli ya bweni huko bara ilikuwa bado haijajazwa, na mkuu wake alikuwa tayari kumuuliza mtoto maswali kwa mdomo. Mwalimu alitaka kujua jambo moja kwanza: je, mtoto mwenyewe anataka kwenda?

"Muulize kwa upole," alisema. "Nitapita Ijumaa."

Akaondoka. Mwanatabu alibaki pale barazani mpaka jua likamfikia miguuni.

Mumewe, Mwidani, alipata kazi Changamwe kwenye matangi ya mafuta, na huko huko akaoa mke mwingine. Likoni alikuja siku ya Idi, na kifurushi cha sukari, akaondoka chai haijapoa. Mtoto alikuwa huyu mmoja tu, aliyehitimu msahafu chuoni kwa maalim kabla ya kutia mguu skuli. Akiwa skuli, mamake alizungumza na kuku.

Wiki ile ya mtihani, akimsuka nywele, Mwanatabu alimwambia, "Ukenda huko bara, mimi nitampikia nani?" Mtoto aliinamisha shingo tu.

Sasa Mwanatabu aliielewa shingo ile. Mtoto alitakiwa achague, naye amemchagua mamake.

Mwanasaumu aliporudi na debe la maji kichwani, mamake alimtua mwenyewe, akamtazama sana. Neno lilimfika kwenye meno likarudi. Akimuuliza, mtoto ataona haya. Au atabadili nia, na hilo ndilo lililomtisha. Siku hiyo akapika wali wa nazi kana kwamba nyumba ina mgeni.

Mwanasaumu alidokoa kidogo tu. Tangu matokeo yaje alikuwa hali vizuri wala hasemi sana, na kila jioni alisimama pembeni mwa nyumba akitazama njia inayotoka kivukoni. Mamake aliona ni majuto ya mtu aliyetoa kitu kikubwa. Yatapita.

Ijumaa, baada ya swala, Mwanatabu alimtuma bintiye kwa shangazi yake huko Mtongwe na bakuli la maharagwe. Mwalimu Kefa akaja, akasimama uani akizungushazungusha kofia yake mkononi.

"Nimemuuliza," Mwanatabu alisema. "Hataki kwenda."

Alikuwa mtu wa kusema wallahi kwa kila jambo. Mara hii hakuisema, na mwenyewe alilitambua hilo.

Mwalimu alisema kuwa, basi, nafasi atapewa Pascalia, binti wa karani wa kivukoni. Alivaa kofia yake akashika njia.

Skuli za bara zilipofunguliwa, Pascalia alipanda gari la moshi na sanduku jipya la bati. Siku hiyo Mwanatabu alinunua doti ya kanga, akaikata, moja akampa binti yake. Mwanasaumu alishukuru, akaikunja, akaiweka kando. Walikuwa jikoni wakichekecha unga, na mamake akaona sasa mambo yameshapita, hakuna la kuogopa tena. Mtoto anastahili kusikia asante.

"Najua ulilonifanyia, mwanangu."

"Lipi, mama?"

"Kwenye mtihani. Ulikosea makusudi, usiniache peke yangu. Mungu atakulipa."

Mwanasaumu aliweka chekeche chini.

"Mimi sikukosea makusudi, mama. Nilijibu yote."

Kwa kidole alichora visanduku vinne kwenye unga uliotandazwa sinia nzima, vimepangana mstari mmoja. Akaeleza kuwa maswali yalikuwa na karatasi yake, na visanduku vya kutia alama vilikuwa na karatasi yake, vinne kwa kila swali, havina nambari wala herufi, na kuuliza kulikatazwa. Basi yeye alifuata alivyofundishwa na maalim tangu mdogo, vile mstari wa msahafu unavyokwenda. Jibu la kwanza hapa, alisema, akaweka kidole kwenye kisanduku cha mwisho kulia. La pili hapa. La tatu hapa. La nne akaliweka kushoto kabisa.

"Tulipotoka, Pascalia akanambia wenzangu wote walianzia kushoto."

Mwanatabu aliuliza, kwa sauti ndogo, mbona hakusema.

"Wewe niliona haya kukwambia kuwa nataka kwenda. Na kwake mwalimu, skuli ilikuwa imefungwa, na msichana hawezi kwenda nyumbani kwa mwanamume." Alifuta visanduku kwa kiganja, unga ukawa sawa. "Lakini nilijua sifuri ile itamshangaza. Kila jioni nilimngoja aje aniulize. Hata siku moja hakupita, mama?"