Kinyonga Aliyemgomea Nasemba

Haya alinisimulia shoga yangu Nasemba wiki jana, tukichambua mchicha wa siku hizi usio na hata tundu la mdudu. Mjini kwetu hamna tena nzi wala panzi, kwa hiyo kinyonga wake, Diwani, hulishwa vidonge vya dukani. Basi akagoma kula. Alining'inia kwenye pazia, mbavu nje, rangi ya majivu, na Nasemba akaona anampoteza.

"Huyu hali kitu kisichotembea," alisema mumewe, Shekiondo.

Nasemba akafunga kidonge kwa uzi, akakirusharusha. Diwani akageuza jicho moja tu.

"Labda anataka na sauti. Mvumie kama nzi, mume wangu."

"Mimi, mtu mzima?"

"Si unakoroma bure kila siku?"

Mzee akavimbisha mashavu, akavuma. Ulimi wa Diwani ukachomoka, kidonge kikaenda. Nasemba akacheka mpaka akakaa chini.

Mjukuu wao Mkunde akachungulia mlangoni. "Bibi, mashine gani imeharibika?"

Tangu azaliwe hajawahi kusikia nzi.

Mchana walijilaza. Nje kimya kitupu, hata mvumo wa mdudu mmoja hamna.

"Vuma tena kidogo," Nasemba alinong'ona.

"Si ameshiba?"

"Sikuombi kwa ajili yake."

Mzee akavuma polepole, mpaka mkewe akasinzia, naye akafuata.