Karatasi Nyeupe

Fundi viatu, Mpolandi mzee, alikuwa ameishika penseli kama mtu aliyeshika kisu kwenye makali.

"Halvor, mwanangu, hebu nioneshe jina lako liko wapi," aliita kutoka kwenye kituturi cha kupigia kura.

Halvor alipiga hatua moja. Karani akamzuia.

"Haruhusiwi kusomewa, Seneta. Sheria yako mwenyewe hiyo."

Ilikuwa yake kweli. Aliipigania miaka kumi na miwili katika Seneti ya jimbo: kura iwe siri, karatasi iwe moja, nyeupe, wakubwa wa chama wasimchungulie tena mnyonge. Mguu wa mzee ulivunjwa na wahuni wa wakubwa hao, siku alipomficha Halvor nyuma ya magunia yake ya ngozi.

"Wale wezi walikuwa wananipa karatasi nyekundu," mzee alisema, bila hasira. "Ile niliijua kwa rangi yake."

Akaiweka penseli mezani, akachechemea hadi mlangoni. Halvor akamshika mkono.

"Niache nipite, bwana mkubwa."

Kwenye foleni, wanaume watatu wenye vumbi la machimboni walitazamana, wakavaa kofia zao, wakamfuata mzee nje.