Mgeni Hajatoka

Mama mwenye binti na asikie. Siku hizi watalii hawapandi ndege kuja Pemba. Huazima mwili wa kijana wa hapa, wakaogelea nao, wakatazama pomboo, na magharibi wakaurudisha kwa mwenyewe.

Jioni ile Bi Mize alimpakulia bintiye Raya wali na mchuzi wa pweza. Raya akala kwa mkono wa kushoto.

"Kitamu mno, bibi. Kinaitwaje?"

Bi Mize akauweka upawa chini. "Mgeni, matembezi yamekwisha. Nirudishie mwanangu."

"Nimemwambia arudi," akajibu kwa sauti ileile ya Raya. "Anasema amechoka, nikae mimi."

Bi Mize alilia, kisha akamwongezea mchuzi. Mwili ule aliuzaa yeye, nao ulikuwa na njaa.