Kisiwa Alichokikubali Mama

Kisiwa cha nne kilikataliwa kwa sababu ya nazi.

"Tazama hapa," mama alisema, akiionyesha kwa ncha ya mkasi picha iliyokuwa kwenye simu ya binti yake. "Kitanda cha kujilaza, juu yake mnazi. Nazi ikishuka hapo, nani wa kuiambia ipishe?"

"Mama, watu wanalala hapo kila siku."

"Waliolala wakaamka ndio hao uliowaona kwenye picha."

Cha kwanza kilikuwa kimekataliwa kwa ajili ya papa. Hawakuonekana, lakini mama alisema papa hakai akapigwa picha. Cha pili kilikuwa na mlima unaofuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Cha tatu hakikuwa na kosa, ila jina lake lilimshinda kutamka, na mtoto akipotelea mahali usipoweza kupataja, utaulizia wapi?

Mtoto mwenyewe alikuwa muuguzi, mtu mzima, anachoma sindano wanaume wenye ndevu wakalia. Lakini machoni pa mama alikuwa bado yule yule aliyetumbukia kichwa chini kwenye karai la nguo, akaopolewa mdomo umejaa povu. Tangu siku ile mama hufunika hata ndoo tupu. Mzazi mwenzangu, usicheke. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Wenzangu kazini wameniachia mimi nichague, na tiketi zinakatwa leo jioni," binti alisema. "Mwaka mzima nimekesha wodini, mama. Nataka kulala mchangani tu, maji yanilambe miguu. Nisipochagua, wataniacha."

"Kwani nimekukataza? Niletee kisiwa salama. Nikikikubali kwa mdomo wangu huu, utakwenda. Na wewe uniahidi hutakwenda kingine."

"Naahidi."

"Umekwisha," baba alisema kutoka nyuma ya gazeti. "Mama yako angekuwa nahodha, meli ingelala gereji."

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," mama alimjibu, akakanyaga cherehani.

Chumba hicho cha mbele ndicho kilichokuwa ofisi yake ya ushonaji, na kwenye benchi alikaa dereva wa lori akisubiri suruali yake itiwe zipu. Alikuwa amesikia yote. Alipokabidhiwa suruali, alikohoa.

"Mama, kama shida yako ni usalama, kaka yangu anafanya kazi kwenye kisiwa kimoja. Kule hata mjusi hatoki bila ruhusa."

Akachukua chaki ya fundi, akaandika namba kwenye kipande cha kitambaa, akaondoka huku mabega yakimtikisika.

Mama hakungoja. Alipiga papo hapo, simu kaibana sikioni.

"Mwanangu, mimi ni mama wa binti mmoja anayekuja huko kwenu. Nina maswali."

"Uliza tu, mama," ilijibu sauti nzito, ya upole. "Wazazi wengi hupiga."

"Bahari iko karibu?"

"Imetuzunguka. Lakini hakuna anayeruhusiwa kukanyaga maji."

"Hawaogelei kabisa!" mama alimwambia binti, uso unang'aa. Binti alifumba macho.

"Na minazi?"

"Tuliikata yote. Watu walikuwa wanaipanda."

"Mmefanya vyema. Wanaume je? Maana vijana wa siku hizi..."

"Wanawake wana upande wao. Katikati kuna ukuta."

"Ukuta!" mama alirudia. Baba aligeuza ukurasa wa gazeti bila kuusoma.

"Ulevi?"

"Wauone wapi?"

"Na yale mavazi ya ufukweni, ya vipande viwili, ambavyo hata ukivishona pamoja havitoshi kitambaa cha mkono?"

"Hapana, mama. Nguo tunawapa sisi, na wote wanavaa za aina moja."

"Sare!" Mama alishika kifua. Maisha yake yote alikuwa ameshona sare za shule. "Na usiku?"

"Wanalala mapema. Milango tunaifunga wenyewe. Asubuhi tunawahesabu, jioni tunawahesabu tena."

"Daktari?"

"Yupo humu humu."

"Kuna mgonjwa wa bahari, kuna aliyezama, kuna aliyepotea?"

"Mama, nimezeekea hapa. Kila aliyeingia, najua alipo."

Machozi yalimtoka mama, ya raha. Alikuwa hajawahi kuongea na mtu aliyemwelewa hivyo. Akabonyeza kitufe cha sauti kubwa, akaiinua simu juu kama kikombe cha ushindi.

"Nimekikubali! Mmesikia? Kwa mdomo wangu huu!"

Gazeti lilishuka. Binti aliketi juu ya rundo la vitambaa. Hakuna maji, kuna ukuta, na sare juu yake. Lakini ahadi ni deni, na alikuwa ameitoa mbele ya baba yake.

"Basi mwanangu," mama aliiambia simu, "binti yangu ni mpole, hana makuu. Mtampokea vizuri?"

"Tutampokea, mama. Usiwe na wasiwasi. Anakuja kukaa muda gani?"

"Wiki moja tu."



"Wiki moja? Mama, huku mwenye kifungo kifupi ana miaka kumi. Ni hakimu gani huyo aliyemwonea huruma namna hiyo?"