Maua ya Miguuni

"Hodi, Mama!"

Bi Mwanakombo alishtuka. Salha, binti yake, hakuarifu kwamba anakuja. Mama akaitazama miguu yake: hina imepanda mpaka kwenye vifundo, maua kwa maua, kama ya mwari.

Akakimbilia uani, akakata ndimu, akaanza kusugua. Kesho anaolewa na fundi saa wa mtaa wa pili, na hajamwambia mwanawe. Angeanzaje, mwanamke mwenye wajukuu? Ndimu ilikuwa imetoa kila doa la nyumba ile. Alisugua mpaka ngozi ikamwasha.

"Shikamoo, Mama. Unafanya nini?"

Salha alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Najifuta," alisema Bi Mwanakombo bila kuinua uso. "Nimefanya upuuzi, mwanangu. Nisitiri."

"Mama, si ndimu ndiyo tunayopaka ili hina ikolee?"

Bi Mwanakombo akaacha kusugua. Maua yalikuwa mekundu kuliko mwanzo. Na yeye ndiye aliyewapaka ndimu maharusi wa mtaa mzima, Salha mwenyewe akiwemo! Machozi yakamtoka.

"Ni nani?" Salha akauliza.

"Fundi Shomari. Ananichekesha," akasema, kama mtu anayekiri wizi.

Salha alitua mkoba, akachuchumaa, akaokota nusu ya ndimu iliyobaki. Mama yake akauvuta mguu mmoja ndani ya kanga. Wa pili akauacha nje.